Kuchora sura za watu bila mwalimu, na namna nilivyojifunza kulikagua jicho langu mwenyewe

Macho ya mtu yapo katikati ya kichwa. Pima kuanzia utosini mpaka kidevuni, gawa mara mbili, ule mstari wa kati ndo unapita kwenye macho. Mtu anayeanza karibu lazima ayapandishe juu, na sababu ni kwamba tukiangalia mtu tunaangalia macho, pua na mdomo, yani sehemu zinazotuambia kitu, ile nafasi kubwa ya paji la uso na nywele haituambii chochote kwa hiyo akili inaipunguza, na mkono unafuata akili. Mwanafunzi wa darasani anaambiwa hili mapema kabisa. Anayejifunza mwenyewe analifikia kwa kupima, na akishalifikia kwa kupima halimtoki tena.

Nimeanza na hilo kwasababu ndo mfano mzuri wa kitu ninachotaka kusema. Watu wakikuuliza umejifunzaje kuchora watu bila kwenda shule wanadhani kilichokuwa kigumu ni kupata maarifa, kuchanganya rangi, kushika brashi, vitu vya namna hiyo. Maarifa yapo, yamejaa kila mahali, video ziko, vitabu viko. Anachokosa mtu aliyejifunza mwenyewe ni yule mtu wa kusimama nyuma yako kimya alafu anyooshe kidole aseme bega la kushoto limepanda. Basi. Hiyo sentensi moja ndo mwalimu. Na mimi kazi yangu yote, namna ninavyopanga siku, namna ninavyoweka taa, mpangilio wote umejengwa kuziba nafasi ya huyo mtu, kwasababu jicho linazoea haraka mno, ukiangalia kitu chako nusu saa tu tayari unaona unachotaka kuona na sio kilichopo.

Kioo ndo cha kwanza. Nina kioo kimetundikwa ukutani nyuma yangu, nikigeuka naona mchoro umepinduka kushoto kulia, na hapo hapo kila kilichopinda kinajitokeza, taya limeenda upande, jicho moja limeshuka, shingo haijakaa kwenye mabega. Leonardo da Vinci, yule mchoraji wa Italia, aliandika ushauri huu huu miaka zaidi ya 500 iliyopita, kwamba mchoraji aitazame kazi yake kwenye kioo maana itaonekana kama ya mtu mwingine, na akashauri pia mtu aache kazi aende zake kidogo akirudi ataona vizuri zaidi. Nilipokutana na ushauri huo nilikuwa tayari natumia kioo, nikafurahi kwa kweli, nilijisikia nina mwenzangu. Njia nyingine ni kuigeuza turubai, yani kile kitambaa cha kuchorea, juu chini. Hapo sura inaacha kuwa sura, inakuwa mabaka ya mwanga na kivuli tu, na mabaka huwezi kuyaonea huruma, yamekaa sawa au hayajakaa.

Alafu kuna simu. Napiga picha ya mchoro, naibadilisha iwe nyeusi na nyeupe, nafanya hivyo hivyo kwa mtu aliyekaa mbele yangu kama ameridhia, naziweka pamoja. Hii inaonesha toni, yani kipi ni cheusi zaidi na kipi ni cheupe zaidi bila kujali rangi yake. Toni ndo inabeba sura. Unaweza kumpaka mtu rangi ya kijani na zambarau na bado ndugu zake wakamtambua, lakini ukikosea toni hata ngozi ikiwa sahihi kiasi gani mtu hatokei. Siku hizi sihitaji simu sana kwa hilo, nafinya macho mpaka nione kwa ukungu, vitu vidogo vidogo vinapotea yanabaki mabonge makubwa matatu manne ya mwanga na giza, na mabonge hayo ndo nayoanza nayo. Kope na mikunjo vinakuja mwishoni kabisa na vingine haviji kabisa.

Nisiwe kama naongea kama mtu aliyegundua haya peke yake. Van Gogh, yule mchoraji wa Uholanzi, aliamua kuwa mchoraji mwaka 1880 akiwa na miaka 27, na sehemu kubwa sana ya alichojua alijifundisha. Alikuwa anatumia karatasi za mazoezi za Charles Bargue, mchoraji wa Ufaransa, zile za kunakili michoro, zilizotoka kati ya miaka ya 1860 mwishoni na 1870 mwanzoni. Alizinakili alipoanza, na cha kunigusa ni kwamba mwaka 1890, mwaka aliofariki, akiwa ameshachora zile kazi zote tunazozijua, alizirudia tena. Alitengeneza pia fremu yenye nyuzi zilizokatizana, anaisimamisha mbele ya anachokichora, anaangalia kupitia kwenye nyuzi ili aone kitu gani kinaangukia kwenye mstari gani. Ile fremu ilikuwa inafanya kazi ya mwalimu. Mimi natumia uzi wenye kijiwe kimefungwa chini, naushika mbele ya jicho, unaning'inia wima, alafu nauliza pembe ya ndani ya jicho inaangukia wapi, juu ya pembe ya pua au nje yake? Kisigino kipo chini ya sikio au kimeenda pembeni? Mtu aliyesimama akiegemea mguu mmoja, shimo la koo linaangukia karibu na kifundo cha mguu uliobeba uzito, ukikosa hapo mtu wako anaanguka hata ukimchora vizuri vipi.

Sasa ngozi, hapa nataka nikae kidogo maana ndo sehemu iliyonichukua miaka mingi na bado inaendelea.

Maelekezo mengi sana ya kuchanganya rangi ya ngozi yameandikwa kwa ngozi nyeupe, utakuta mtu anakwambia anza na nyeupe, ongeza nyekundu na njano kidogo, kivuli ongeza bluu. Ukichukua maelekezo hayo ukaenda nayo kwenye ngozi ya kahawia iliyoiva au nyeusi kabisa, unaishia na mtu wa udongo. Ngozi nyeusi inafanya kazi tofauti na mwanga. Ngozi nyeupe inarudisha mwanga mwingi kutoka pande zake zote kwa hiyo unaona mabadiliko ya taratibu kutoka shavuni kwenda taya. Ngozi nyeusi inameza sehemu kubwa ya mwanga, na kinachorudi zaidi ni ule mng'ao wa juu, pale kwenye mfupa wa shavu, ncha ya pua, paji la uso, na mng'ao huo unabeba rangi ya mwanga wenyewe na sio rangi ya ngozi. Kwa hiyo mtu akikaa karibu na dirisha mng'ao kwenye paji lake unakuwa na ubluu wa mbingu, ukimweka chini ya balbu ya kawaida ya manjano mng'ao unakuwa wa dhahabu. Sasa mtu akichukua kahawia yake akaongeza nyeupe ili apate mng'ao anapata kijivu cha vumbi, ngozi inaonekana imepauka kama ya mtu asiyejipaka mafuta. Mimi kwenye mng'ao wa dirishani naongeza nyeupe yenye bluu kidogo sana, naiweka mara moja na sirudi kuisugua.

Na kivuli ni kinyume. Pale mwanga unapokatika kuingia kivulini, kwenye ule mpaka, kuna wekundu. Angalia sikio la mtu mwanga ukitokea nyuma yake, angalia pembeni mwa pua, angalia katikati ya vidole. Ukiweka ule wekundu mwembamba kwenye mpaka mtu anapata damu ghafla. Ukiweka nyeusi tupu amekufa. Sio kwamba nyeusi ni mbaya, kuna watu wanasema usitumie nyeusi kabisa kwenye paleti, yani kile kibao cha kuchanganyia rangi, mi sikubaliani nao hata kidogo. Kerry James Marshall, mchoraji wa Marekani, watu wake ni weusi wa kweli kweli na anatumia nyeusi za aina tofauti, zile zinazoitwa ya aivori, ya kaboni, ya Mars, anaziongezea rangi nyingine ziwe na joto au ubaridi. Nyeusi sio moja. Ukichanganya nyeusi ya aivori na nyeupe unapata kijivu chenye ubluu, ukichanganya nyeusi hiyo hiyo na oka ya njano, yani njano ya udongo, unapata kijani cha zeituni. Anders Zorn, mchoraji wa Sweden aliyefariki 1920, anajulikana sana kwa paleti ya rangi nne tu, nyeupe, oka ya njano, nyekundu, na nyeusi, na hiyo nyeusi ndo ilikuwa inasimama mahali pa bluu. Kwa yeyote anayeanza ningemwambia aanze na hizo nne na asinunue nyingine mpaka azimalize, kwasababu ukiwa na rangi chache kila kitu kwenye picha kinakuwa ndugu, na wewe unalazimika kufikiria joto na ubaridi badala ya kutafuta tyubu yenye jina la ngozi. Tyubu yenye jina la ngozi achana nayo kabisa.

Watu ninaowachora ni watu ninaowajua. Nilijaribu picha za kwenye simu, bado nazitumia kwa nguo na kwa mtoto mdogo ambaye hawezi kukaa, lakini kamera ikiwa karibu na uso inakuza pua na kurudisha masikio nyuma, na vivuli inavifanya vyeusi tupu wakati jicho lako ukiwa hapo linaona mle ndani kuna kahawia, kuna zambarau, kuna mwanga umeruka kutoka kwenye shati ukaenda chini ya kidevu. Ule mwanga wa chini ya kidevu naupenda kuliko kitu kingine chochote kwenye sura. Mtu akivaa njano shingo yake inakuwa na njano. Picha ya simu haikupi hiyo.

Shangazi yangu ndo amenikalia mara nyingi kuliko mtu yeyote. Ni mtu wa kukaa kimya, mikono imepumzika kwenye mapaja, na ana uso ambao ukitulia unafanana na mtu anayesikiliza. Siku moja tumeshafika mbali, mdomo upo, macho yapo, alikuja kusimama pembeni yangu akaangalia muda mrefu alafu akasema, "Mwanangu, mbona huyu amekasirika?" Nikamwambia, shangazi, hebu nioneshe wapi. Akasema, "Sijui, mi sio mchoraji, lakini huyu amekasirika na mimi sikuwa nimekasirika."

Nikamwomba arudi kukaa. Nikaanza kukagua kitu kimoja kimoja kwa uzi na kwa kufinya macho. Nyusi zilikuwa sawa. Mdomo sawa. Ilikuwa ni kope ya juu. Kope ya juu ina unene, watu wengi tunaichora kama mstari lakini ni ukingo wenye upana, na ule ukingo unatupa kivuli juu ya jicho lenyewe, kwa hiyo weupe wa jicho sehemu ya juu sio mweupe, ni kijivu kilichoiva kabisa, na chini kidogo ndo unakuwa mwepesi. Kwenye mchoro weupe ule ulikuwa umeng'aa mpaka juu, na mboni inaonekana zaidi ya inavyoonekana kwake, jicho likawa limekodoka, na jicho lililokodoka chini ya nyusi zilizotulia akili ya mtu inasoma hasira. Nikachukua kijivu chenye kahawia, brashi ndogo, nikapitisha chini ya kope zote mbili, mpigo mmoja mmoja, nikashusha kope ya kushoto upana wa nywele. Nikamwita. Akaja, akaangalia, akasema, "Haya, sasa ni mimi," akaenda zake jikoni.

Siku ile nilijua kwamba mwalimu niliyekuwa nikimtafuta anaweza kuwa mtu yeyote, ila inategemea unamuuliza nini. Ukimuuliza mtu "ni nzuri?" atakwambia nzuri, anakupenda, ataharibu nini. Mi siulizi hivyo tena. Nauliza, huyu mtu anajisikiaje? Ana miaka mingapi? Umeona nini kwanza ulipoingia? Mtu akisema ameona kwanza kiti, basi kiti kina rangi kali kuliko sura na inabidi nikipooze. Akisema huyu mtu amechoka na mimi nilitaka awe anawaza, najua niende kwenye pembe za mdomo na kope ya chini, maana uchovu na mawazo viko jirani sana na vinatenganishwa na vitu vidogo. Hakuna anayehitaji kujua kuchora ili ajibu maswali hayo. Watu wote ni mabingwa wa kusoma sura, wamefanya tangu wachanga.

Upande wa vifaa nitapita haraka. Natumia rangi za mafuta. Tabaka la kwanza nafanya na amba, ile kahawia ya udongo uliochomwa, imelainishwa na tapentaini kidogo, kwasababu amba ina manganizi na inakauka upesi kuliko rangi nyingi, kesho yake naweza kuendelea. Nyeusi ya aivori na nyeupe ya titani ni wazito kukauka. Rangi za mafuta hazikauki kwa maji kutoka kama nguo kwenye kamba, mafuta yanavuta oksijeni ya hewani yanageuka kuwa gumu, ndo maana tabaka la juu lazima liwe na mafuta mengi kuliko la chini, ukigeuza mpangilio la juu linakuwa gumu huku la chini bado linasogea na picha inapasuka. Na matambara yenye mafuta ya kitani usiyakunje ukayatupa kwenye ndoo, yanapata joto yenyewe yanaweza kuwaka moto bila mtu kuwasha chochote, yatandaze yakauke au yaloweke kwenye maji. Fungua madirisha. Kanuni hizi zinaokoa kazi na zinaokoa nyumba.

Kila siku kabla ya kugusa kazi kubwa nachora mikono. Mkono wangu wa kushoto, mara nyingi, maana upo, haukatai na haudai chai. Mkono unasema umri kuliko uso. Watu wanaficha mikono mifukoni au nyuma ya mgongo kwenye picha zao na inaonekana kabisa kwamba mchoraji ameikimbia. Usianze na vidole. Anza na kiganja kama umbo moja lenye unene, alafu vidole vyote vinne kama umbo moja, kama vile vimevaa soksi, dole gumba peke yake, ukishapata uelekeo ndo utenganishe. Na vifundo havikai kwenye mstari ulionyooka, vinakaa kwenye upinde.

Horace Pippin namkumbuka sana nikifika kwenye mikono. Mmarekani mweusi, alipigwa risasi begani kwenye vita kuu ya kwanza, mkono wa kulia ukawa hauna nguvu, na kuchora alijifundisha mwenyewe. Alikuwa anaushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto ndo anaongoza brashi. Ukiangalia kazi zake, zile nyumba na watu waliokaa ndani, kila kitu kimewekwa kwa uamuzi, hakuna mpigo wa kubahatisha. Nadhani mtu ambaye kila mpigo unamgharimu anaangalia muda mrefu kabla ya kupiga. Hicho nimekichukua. Kwa kila dakika ya brashi nataka nyingi zaidi za kuangalia tu, mikono imeshuka chini, nimerudi nyuma mpaka ukutani. Jirani aliyewahi kuniona nikifanya kazi aliuliza kama naumwa.

Swali la lini uache ndo gumu zaidi kwa aliyejifunza mwenyewe, kwasababu hakuna wa kukwambia inatosha. Mimi nimeweka utaratibu. Nikijikuta narekebisha kitu ambacho hakuna aliyenitajia, na kioo hakijakitaja, na picha nyeusi na nyeupe haijakitaja, naigeuza turubai iangalie ukuta. Inakaa huko wiki kadhaa. Nikiigeuza, sekunde za mwanzo kabisa ndo za kweli, kabla jicho halijazoea, kwa hiyo nakuwa na karatasi na penseli mkononi kabla ya kuigeuza, na ninaandika nilichokiona cha kwanza hata kama kinaniuma. Nikiandika kitu naendelea na hicho tu. Nisipoandika kitu naisaini. Vanishi, ile ya kupaka juu ya picha kuilinda, inasubiri, miezi sita hadi mwaka kwa rangi iliyopakwa kwa unene wa kawaida, ile iliyonona zaidi hata zaidi ya hapo.

Kwa sasa ninafanya kazi ya watu wawili kwenye benchi moja, mama na kijana wake mkubwa. Nimezoea mtu mmoja, na wawili ni somo jipya kabisa, kwasababu sura zote mbili zinaweza kuwa sahihi na bado hawa watu wasiwe pamoja. Nimegundua kinachowaunganisha ni ile nafasi iliyo katikati yao, umbo la ukuta linaloonekana kati ya bega la mama na bega la kijana. Umbo hilo likiwa pana wamegombana, likibana sana wanasukumana. Nimelichora hilo kwanza, kabla ya nyuso, nikamwonesha mtu ambaye hawajui wote wawili, zikiwa ni maumbo matupu ya kahawia bila macho wala mdomo, nikauliza hawa ni nani kwa kila mmoja. Akasema mtu na dada yake. Kwa hiyo nimeshusha bega la kijana kidogo na nimeinamisha kichwa chake kuelekea kwa mama, na Jumamosi wanakuja kukaa tena.